Msanifu Majengo Aliyebobea Anapoitwa Kuongoza Kanda: Mwongozo Kamili

Ukiwa saiti, neno lako moja linatosha. Unasema zege lisimwagwe mpaka nondo zikaguliwe upya, na kweli halimwagwi. Mkandarasi atanuna, mteja atapiga simu, lakini mkataba umekupa mamlaka na kila aliyepo pale analijua hilo. Miaka ishirini ya kazi ya namna hiyo humjengea msanifu majengo mazoea ya kuamua haraka, kuamua peke yake, na kutarajia alichoamua kitekelezwe kesho asubuhi.

Kisha anachaguliwa makamu wa rais wa kanda, yaani kiongozi katika shirikisho linalounganisha vyama vya wasanifu vya nchi kadhaa, na mazoea yale yale yaliyompa jina yanaanza kumwangusha. Kwenye baraza la kanda hakuna aliyesaini mkataba nawe. Kila chama mwanachama kina katiba yake, bodi yake, wizara yake na ugomvi wake wa ndani. Huwezi kumwagiza rais wa chama kingine. Utamwomba, utamshawishi, utamwonyesha faida, kisha utamsubiri akawaulize watu wake. Nimekaa upande wa sekretarieti ya baraza la namna hiyo kwa mihula miwili. Nimeona wasanifu wenye majengo ya kupendeza mno wakimaliza muda wao mikono mitupu, na wengine ambao majengo yao hayajulikani nje ya nchi zao wakiacha makubaliano yanayotumika mpaka leo. Kilichowatenganisha ni namna walivyojiandaa kabla ya kuchaguliwa, na namna walivyoendesha vikao baada ya kuchaguliwa. Hayo mawili ndiyo nitakayoyaeleza.

Hatua ya kwanza: fahamu unaingia kwenye chombo cha aina gani

Watu wengi, hata waliobobea, huchanganya vitu vitatu. Bodi ya usajili ni chombo cha sheria: inasajili, inafuta, inaadhibu. Chama cha wasanifu ni cha hiari: kinatetea taaluma, kinaelimisha, kinasema na serikali. Shirikisho la kanda ni chama cha vyama: wanachama wake si wewe na mimi, ni vyama vya nchi. Ukiahidi kwenye shirikisho jambo ambalo ni la bodi, umeahidi mali ya mtu mwingine.

Kinara wa mashirikisho hayo ni Muungano wa Kimataifa wa Wasanifu Majengo, UIA, ulioanzishwa Lausanne, Uswisi, mwaka 1948, na makao yake yako Paris. Umegawa dunia katika kanda tano: Ulaya Magharibi, Ulaya ya Kati na Mashariki pamoja na Mashariki ya Kati, Amerika, Asia na Oceania, na Afrika, ambayo ni kanda ya tano. Kila kanda ina makamu wa rais wake, na mkutano mkuu hufanyika kila baada ya miaka mitatu. Pembeni yake yapo mashirikisho yanayojitegemea: Muungano wa Wasanifu Majengo wa Afrika, AUA, wa mwaka 1981, shirikisho la nchi za Amerika, FPAA, lililoanzia Montevideo mwaka 1920, Baraza la Wasanifu Majengo la Ulaya, ACE, la mwaka 1990, ARCASIA la Asia, na chama cha nchi za Jumuiya ya Madola, CAA, cha mwaka 1965. Katika nchi kubwa kuna pia kanda za ndani ya chama kimoja. Huko mambo ni mepesi kidogo kwa sababu katiba ni moja, ila sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu huko pia.

Tafuta katiba ya chombo chako na kanuni zake za uchaguzi, uzisome kwa kalamu mkononi. Angalia nani ana haki ya kukupendekeza, maana mara nyingi ni chama chako cha nchi na si wewe mwenyewe. Angalia muhula ni miaka mingapi na unaruhusiwa mara ngapi, akidi ni wajumbe wangapi, na kama nafasi unayoitaka inadai uwe umekaa kwenye baraza kabla. Angalia pia kifungu cha ada. Katika vyama vingi vya namna hii, chama chenye deni hakipigi kura, na wakati mwingine mgombea wake hapokelewi. Nimeona mgombea aliyeandaliwa mwaka mzima akiondolewa asubuhi ya uchaguzi kwa sababu mweka hazina wa chama chake alisahau malipo ya mwaka uliotangulia.

Hatua ya pili: itengeneze ofisi yako kabla ya kugusa fomu

Sura hii hairukwi, ingawa ndiyo watu huiruka. Kwa uzoefu wangu, nafasi ya kanda itakula siku moja na nusu kila wiki, na wiki nzima kila penye kikao cha ana kwa ana. Siku hizo zinatoka kwenye kazi yako inayokulisha, na hakuna anayekulipa.

Nitasema lililonipata. Katika mwaka wangu wa kwanza nilikuwa kikaoni nchi nyingine, simu ikaita wakati wa mapumziko. Jengo letu lilikuwa na mfereji wa paa uliofichwa nyuma ya ukuta mfupi wa juu. Mchoro wa kina wa mfereji ule ulikuwa umetoka ofisini bila mimi kuutazama, ukiwa na saini yangu, na haukuwa na tundu la kutolea maji yanapozidi. Majani yaliziba bomba, mvua ikanyesha usiku kucha, maji yakapanda mpaka yakavuka ukingo wa ndani, yakaingia juu ya dari ya chumba cha kusomea. Tundu la upana wa kiganja lingetosha. Kijana aliyechora hakuwa na kosa la kulaumiwa nalo kuliko mimi, kwa sababu nilikuwa nimeondoka bila kusema nani anakagua michoro nisipokuwepo.

Kwa hiyo, kabla ya fomu, keti na washirika wako muandike mambo haya kwenye karatasi moja. Nani anasaini michoro na hati za malipo ukiwa safarini, na je, usajili wake unamruhusu? Bima yenu ya dhima ya kitaaluma inamtambua? Miradi ipi utabaki nayo, na ipi utaikabidhi kabisa? Ya kukabidhi, mjulishe mteja kwa barua, mapema, na mtajie jina la atakayechukua nafasi. Kama ofisi ni yako peke yako na huna wa kumwachia, mwaka huu usigombee. Ajiri au ungana na mtu kwanza, fanyeni kazi pamoja mzunguko mmoja wa mradi, kisha rudi kwenye wazo hili.

Hatua ya tatu: tumika bila cheo

Mashirikisho yote yana kamati: elimu, utendaji wa taaluma, mashindano ya usanifu, urithi, mabadiliko ya tabianchi. Kamati hizo hulia njaa ya watu wanaoandika. Chukua kazi ambayo hakuna anayeigombania, kwa mfano kuandaa rasimu ya kwanza, kulinganisha sheria za nchi mbalimbali, au kuandika kumbukumbu za vikao. Anayeandika kumbukumbu anajifunza katika miaka miwili ni nani hutimiza alichoahidi na ni nani huzungumza tu. Ujuzi huo hauuzwi popote.

Na usijikatie tamaa kwa udogo wa nchi yako. Gaétan Siew aliongoza UIA kuanzia 2005 hadi 2008 akitokea Mauritius, kisiwa ambacho wasanifu wake wote hawafikii idadi ya wasanifu wa mji mmoja mkubwa wa Ulaya. Kabla yake Olufemi Majekodunmi alikuwa rais kuanzia 1990 hadi 1993, na ni yeye pamoja na Susan Maxman, rais wa chama cha Marekani AIA, waliotia saini Azimio la Kutegemeana kwa ajili ya Mustakabali Endelevu, Chicago, Juni 1993. Sara Topelson wa Mexico alichaguliwa mwaka 1996 akawa rais wa kwanza mwanamke, karibu miaka hamsini baada ya chombo chenyewe kuanzishwa. Kanda inahitaji mtu anayeaminika na wote, na mara nyingi huyo hutoka kwa asiyetisha.

Hatua ya nne: chagua jambo moja

Muhula wa miaka mitatu, ukiondoa miezi ya kupokea ofisi na miezi ya kuikabidhi, unabaki na miaka miwili ya kazi. Baraza likikutana mara mbili kwa mwaka, una vikao vinne. Vikao vinne! Mgombea anayekuja na ilani ya mambo kumi na mbili hajafanya hesabu hiyo. Chagua jambo moja linaloweza kukamilika ndani ya vikao vinne, na mengine uyaache yaendelee kwa mwendo wake.

Jambo linalojitokeza mara nyingi zaidi ni kutambuana kwa sifa, yaani msanifu aliyesajiliwa nchi moja aruhusiwe kufanya kazi nchi nyingine bila kuanza upya. Nitalieleza kwa kirefu, kwa sababu ndani yake mna mafunzo ya mambo mengine yote.

Kanuni za msingi zipo. Mkataba wa UNESCO na UIA kuhusu elimu ya usanifu majengo, wa mwaka 1996 na uliofanyiwa marekebisho baadaye, unataka masomo ya miaka isiyopungua 5 ya muda wote, kisha mafunzo ya kazi yasiyopungua miaka 2. Makubaliano ya UIA kuhusu viwango vya utendaji wa taaluma yalipitishwa Beijing mwaka 1999. Ila makubaliano hayo ni ya kupendekeza, hayamlazimishi yeyote. Mikataba yenye nguvu ni ya serikali, na kila eneo limekata nguo kwa mwili wake. Umoja wa Ulaya, kwa mwongozo wake wa 2005 uliorekebishwa mwaka 2013, unakubali miaka 5 ya masomo, au miaka 4 ya masomo ikifuatwa na miaka 2 ya mafunzo kazini. Nchi za ASEAN, jumuiya ya Kusini-Mashariki mwa Asia, zilisaini makubaliano yao Novemba 2007. Humo msanifu lazima awe amefanya kazi miaka 10 tangu kuhitimu, angalau 5 kati ya hiyo baada ya kupata leseni, na angalau 2 akiwa na dhamana ya kazi kubwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilisaini ya kwake ya wasanifu majengo mwaka 2011.

Tazama tofauti hizo. Ulaya inaangalia zaidi njia uliyopita chuoni, kwa kuwa shule zao zimeorodheshwa na kila nchi inaziamini za mwenzake. ASEAN, ambako shule zinatofautiana sana, imeegemea miaka ya kazi. Kiongozi wa kanda anayenakili maneno ya Ulaya na kuyapeleka mahali ambapo bodi haziaminiani atakuwa amenakili paa na kusahau nguzo. Anza kwa kuuliza: kwenye kanda hii, bodi zinaamini nini kutoka kwa wenzao? Shahada? Mtihani wa bodi? Miaka ya kazi iliyothibitishwa kwa daftari la mafunzo? Jibu la swali hilo ndilo msingi wa kujengea.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Tengeneza jedwali moja: nchi kushoto, juu yake miaka ya masomo, miaka ya mafunzo kazini, mtihani, masharti kwa mgeni, na kifungu cha sheria kinachosema hivyo. Mtumie kila mwandikishaji wa bodi mstari wa nchi yake tu, umwombe ausahihishe. Usimtumie jedwali zima kwanza, maana ataanza kusahihisha ya jirani. Ukishapata majibu yote, lipeleke jedwali zima kikaoni. Pale ndipo mazungumzo yatakapoanza kuhusu mambo yaliyopo badala ya fahari ya kila mmoja.

Mambo mengine yanayofaa kuwa jambo lako moja: daftari la pamoja la mafunzo kazini kwa wahitimu, kanuni za pamoja za mashindano ya usanifu, au utaratibu wa kukagua shule kwa wakaguzi wa kubadilishana. Kongamano kubwa lenye mabango si jambo. Linakula miaka miwili yote na kuacha picha.

Hatua ya tano: gombea kwa kusikiliza

Pata kwanza baraka za chama chako, kwa barua yenye kumbukumbu ya kikao kilichokupitisha. Kisha wapigie viongozi wa kila chama kwenye kanda, mmoja mmoja. Katika simu ya kwanza usiombe kura. Uliza mambo mawili: shirikisho limewasaidia nini katika muhula huu, na kitu gani kilichoahidiwa hakijafanyika? Andika majibu. Ukishawasikia wote, andika ukurasa mmoja unaosema jambo lako moja ni lipi, limetoka wapi katika maneno yao, na litakamilika vipi. Kitabu cha picha za majengo yako kiache nyumbani. Wanakujua kwa majengo, ndiyo maana walipokea simu.

Usiahidi nafasi za kamati ili upate kura. Utazilipa kwa kufanya kazi na watu usiowahitaji kwa miaka mitatu.

Hatua ya sita: pokea ofisi kama unavyopokea jengo

Hakuna msanifu anayepokea jengo bila orodha ya kasoro. Pokea na ofisi hivyo hivyo. Taka kumbukumbu za vikao za miaka mitatu iliyopita, orodha ya wanachama na madeni yao, taarifa ya benki na majina ya wenye saini, mikataba inayoendelea, na nywila za barua pepe na tovuti. Mtangulizi wako aketi nawe mpitie kimoja kimoja, kisha msaini wote. Kasoro zilizopo ziandikwe siku hiyo. Baada ya miezi mitatu zitaitwa zako.

Hatua ya saba: endesha kikao

Kiongozi wa kanda anajulikana kikaoni. Nyaraka zote ziwafikie wajumbe wiki mbili kabla, kwa lugha zote za kanda. Barani Afrika, kwa mfano, wajumbe wanafanya kazi kwa Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu na Kireno, na mjumbe anayepokea karatasi asiyoisoma atakaa kimya kikaoni, kisha atapinga akifika kwao. Tenga fedha za tafsiri kabla ya kutenga za chakula cha jioni.

Anza ajenda na yatokanayo, usiyasukume mwisho. Kila azimio lililopita lisomwe na jina la mhusika, naye aseme limefika wapi. Siku ya kwanza ukifanya hivyo kutakuwa na ukimya mzito. Kikao cha pili watu watakuja wamejiandaa. Azimio jipya liandikwe ukutani au kwenye skrini kabla ya kupitishwa, lionyeshe nani atafanya, nini, na lini. Neno kama "kuhimiza" au "kuimarisha" likitokea bila jina na tarehe, lirudishe kwa aliyelitoa.

Na penye wengi pana mengi. Nakumbuka kikao tulichokwama saa moja na nusu kwa neno "kuhitimu". Rasimu ilisema miaka ya uzoefu ihesabiwe tangu kuhitimu. Wajumbe wawili walikataa katakata, na sauti zikapanda, na mmoja akaanza kukusanya karatasi zake. Mwenyekiti wetu, mama mmoja mtaratibu ambaye nilijifunza mengi kwake, hakupigisha kura. Alisimama, akachora mstari ubaoni, akasema: "Nipeni kijana mmoja. Ameingia chuo akiwa na miaka kumi na tisa. Kwenu anapita wapi?" Akampa mjumbe wa kwanza kalamu. Mmoja mmoja wakaja kuchora mstari wa kijana wao. Mstari wa tatu ulipokamilika, kila mtu akaliona tatizo. Katika nchi nyingine shahada ni moja ya miaka mitano. Katika nyingine kijana anapata shahada ya kwanza baada ya miaka mitatu, anafanya kazi kidogo, kisha anarudi kwa miaka miwili mingine. "Kuhitimu" kwao kulikuwa na maana mbili, zenye pengo la miaka kati yake. Kifungu kikaandikwa upya: tangu kupata shahada inayomwezesha mhusika kuomba usajili katika nchi yake. Dakika kumi, kikapita bila kura.

Alichofanya mama yule ni cha ufundi wetu kabisa. Maneno yaliposhindwa alichora. Msanifu aliyebobea ana silaha hiyo mkononi kuliko mwanasheria yeyote, na inashangaza jinsi tunavyoisahau tukivaa suti.

Katika vikao vya mtandaoni, zungusha saa. Kanda ikiwa na nchi zilizopishana saa nyingi, asiwe mtu yule yule anayeamka usiku kila mara.

Hatua ya nane: jilinde na mitego miwili, ada na maslahi

Mtego wa kwanza unawanasa watu wema. Wanachama wanalia kwamba wenzao wanashusha bei za kazi, nawe kwa huruma unapendekeza shirikisho lipange ada za chini kabisa. Simama hapo. Katika nchi nyingi kukubaliana bei baina ya washindani ni kosa chini ya sheria za ushindani, hata kukiitwa mapendekezo. Mwaka 2004 Kamisheni ya Ulaya ilikitoza chombo cha wasanifu majengo cha Ubelgiji faini ya euro 100,000 kwa sababu ya jedwali la ada kilizozipendekeza. Nchini Marekani, mwaka 1990, AIA ilikubaliana na serikali kuhusu amri ya mahakama iliyoizuia kuwakatisha wasanifu tamaa wasishindane kwa bei au kutoa punguzo. Unachoweza kufanya bila hofu, baada ya kumwuliza mwanasheria wa eneo lako, ni kueleza wazi kazi zilizomo katika kila hatua ya huduma, kuwafundisha wanachama kukokotoa gharama zao wenyewe, na kuzisihi serikali zichague wasanifu kwa ubora kwanza. Mazungumzo ya bei yakianza kikaoni, yakatishe, na kumbukumbu zionyeshe kwamba umeyakatisha.

Mtego wa pili ni maslahi. Siku utakayopata cheo, kadi yako itafunguliwa milango. Mamlaka za miji zitataka uwe jaji wa shindano, kampuni za vifaa zitataka kukulipia safari, na mteja mmoja atakupa kazi akidhani utamsaidia kibali. Weka daftari la maslahi yako lililo wazi kwa baraza zima. Usiingie kwenye shindano linaloendeshwa au kuidhinishwa na chombo unachokiongoza, wala ofisi yako isiingie. Ukiwa jaji, ukatambua kazi ya aliyekuwa mwanafunzi au mshirika wako, sema kabla ya kuhukumu. Ukienda kwa waziri kwa niaba ya kanda, usitaje mradi wako hata akikuuliza. Ukiutaja mara moja tu, ziara zako zote zilizopita zitasomwa upya.

Hatua ya tisa: ukisema na serikali, peleka mfano uliosimama

Mashindano ya wazi ya usanifu ni eneo ambalo kiongozi wa kanda anaweza kubadilisha sura ya mji. UNESCO iliweka kanuni za mashindano ya kimataifa mwaka 1956, nayo UIA ndiyo inayozisimamia. Mtu wa serikali akikuambia shindano la wazi ni kupoteza muda, mwambie kuhusu Paris mwaka 1971. Kwa jengo linaloitwa leo Centre Pompidou zilipokelewa kazi 681, na washindi walikuwa Renzo Piano na Richard Rogers, vijana wa wakati huo ambao hakuna waziri angewakabidhi jengo kama lile kwa kuwachagua mezani. Mwambie pia kuhusu maktaba ya Alexandria nchini Misri, ambayo shindano lake la mwaka 1989 lilishindwa na Snøhetta, ofisi changa kutoka Norway. Kisha mpe ukurasa mmoja: shindano lina hatua zipi, linachukua muda gani, majaji ni nani na nani, na mshindi analindwaje asinyang'anywe kazi baadaye. Hilo la mwisho lisisitize kuliko yote. Shindano ambalo mshindi hapewi kazi linawaua wasanifu vijana wa kanda kwa miezi ya kazi isiyolipwa.

Nenda na rais wa chama cha nchi hiyo, na yeye ndiye azungumze kwanza. Wewe utaondoka kesho. Yeye atabaki na waziri yule.

Hatua ya kumi: anza kuondoka mwaka mmoja kabla

Miezi kumi na miwili kabla ya muhula kuisha, mpe mjumbe mwingine uenyekiti wa kikao kimoja kizima ukiwa umekaa pembeni. Mpe mwingine aongoze ujumbe kwa waziri. Utaona nani anaweza, na muhimu zaidi, wajumbe wenzake wataona. Usimtangaze mrithi. Mwache aonekane.

Andaa faili la makabidhiano sasa, siyo wiki ya mwisho: jedwali la sheria likiwa limesahihishwa na tarehe ya masahihisho, rasimu zote za makubaliano pamoja na zilizokataliwa na sababu za kukataliwa, orodha ya simu za waandikishaji wa bodi, madeni, ahadi ulizozitoa kwa mdomo, na barua ambazo hazijajibiwa. Rasimu zilizokataliwa usizitupe. Anayekuja atajaribu tena njia ile ile asipojua iliwahi kufungwa, na ilifungwa na nani.

Siku ya makabidhiano soma orodha kwa sauti mbele ya baraza, saini, mwache mwenzako abadilishe nywila mbele yako, kisha urudi ofisini kwako ukaangalie ni michoro ipi imesainiwa na nani ulipokuwa haupo.